Maktaba za vyuo zipo mitandaoni, lakini wanafunzi hawaulizi kitu. Kosa liko wapi?

#1 MkutubiWaZamu
Wakuu, habari za jioni.

Fungua kurasa za maktaba za vyuo vikuu vyetu, iwe Facebook, Instagram au X. Zinafanana kama mapacha: maktaba itafungwa Jumatatu, picha ya semina, picha ya mgeni rasmi akikata utepe, heri ya Eid, heri ya Krismasi. Chini yake hakuna swali hata moja.

Wakati huohuo dawati la marejeo lina foleni ya maswali yaleyale manne. Naingiaje kwenye hifadhidata nikiwa nyumbani? Ripoti ya Turnitin, ile ya kupima kunakili, naipataje? Kitabu hiki kipo au kimeazimwa? Fomu ya kumaliza madeni anasaini nani? Maswali yapo, ila hayaji mtandaoni.

Msimamo wangu: tumejenga ubao wa matangazo tukauita huduma. Mwanafunzi akituma swali saa tatu usiku anajibiwa baada ya siku nne, na harudi tena. Wenye maelezo mengine waje nayo, hasa wenye hatua za kufuata. Nawasilisha.

#2 Binti_Kisutu
Mkuu, umeanza na kasi ya majibu, mimi naanza na bando. Wanafunzi wengi wananunua bando la mitandao ya kijamii tu. Linafungua WhatsApp, Facebook na Instagram, basi. Maktaba inaweka posti fupi, "Bofya hapa upate orodha ya majarida mapya", na kiungo kinaelekea tovuti ya chuo. Mwanafunzi anabofya, ukurasa haufunguki kwa sababu bando lake haligusi tovuti za nje. Anadhani tovuti ya maktaba imekufa.

Dawa yake: jibu liwe ndani ya ujumbe wenyewe. Orodha ya vitabu vipya iandikwe kama maandishi, au picha moja isiyozidi KB 200. Hatua za kuingia hifadhidata ziandikwe moja hadi tano palepale. Kiungo kiwe nyongeza ya mwisho kwa mwenye data kamili. Na tuache kupandisha video ya dakika nne ya kuonyesha namna ya kutumia katalogi. Hakuna anayeimaliza kwa bando la siku.

#3 Kitivo_B
#1 na #2 wote mnaacha jambo moja: saa. Maktaba inafungua mtandao saa mbili asubuhi na kuufunga saa tisa na nusu mchana, kama ofisi. Mwanafunzi anaandika pendekezo la utafiti saa nne usiku. Kwenye wiki za UE, mitihani ya chuo, ndiyo kabisa, kundi zima linakesha na dirisha la mazungumzo limeandikwa "hatupo kwa sasa".

Si lazima mtu akeshe. Ila zamu ya saa moja hadi saa nne usiku, siku tano kwa wiki, mtu mmoja mmoja kwa kupokezana, inawezekana hata kwenye maktaba yenye wakutubi watano. Kila mmoja anapata usiku mmoja, na anafidiwa kwa kuingia kazini mchana siku inayofuata. Bila fidia zamu inakufa wiki ya tatu.

#4 KohaNaChai
Kabla hatujaenda mbali kwenye WhatsApp, mbona tunasahau zana shirikishi tulizonazo bure ndani ya katalogi? Koha, programu inayoendesha katalogi, ina maoni ya wasomaji, vitambulisho vya mada vinavyowekwa na wasomaji wenyewe, nyota, orodha za pamoja, mlisho wa RSS (taarifa za vitu vipya zinazomfuata msomaji zenyewe) kwa kila utafutaji, na mapendekezo ya ununuzi. Karibu vyote vinawashwa kwenye mipangilio ya mfumo kwa kubofya mara mbili.

Vinavyoharibu ni hivi:

Maoni na vitambulisho vinasubiri kuidhinishwa. Idadi inaonekana chini ya ukurasa wa kwanza wa upande wa watumishi, na mtu wa mzunguko wa vitabu hana mazoea ya kuangalia huko. Mwanafunzi anaandika maoni, hayatokei, anakata tamaa.

Mapendekezo ya ununuzi ni mazuri kuliko yote. Ukibadilisha hali ya pendekezo kuwa limekubaliwa, limeagizwa au limefika, Koha inamwandikia aliyependekeza. Lakini inamwandikia kwa barua pepe iliyo kwenye rekodi yake, na rekodi za wanafunzi huwa zimeingizwa kwa mkupuo kutoka Excel ya udahili bila safu ya barua pepe. Ujumbe unatengenezwa halafu hauna pa kwenda. Pia kama `process_message_queue.pl` haimo kwenye cron, yaani ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe kwenye seva, hata wenye barua pepe hawapati. Nenda kwenye rekodi ya msomaji mmoja, fungua kichupo cha taarifa zilizotumwa. Ukiona zote zinasubiri, tatizo ni cron. Ukiona zimeshindwa, tatizo ni anwani au seva ya barua.

Kwa hiyo jibu langu kwa #1: wanafunzi waliuliza, ndani ya katalogi. Sisi ndio hatukuona.

#5 Comrade_Njoro
Salamu kutoka Kenya. KohaNaChai umesema kweli tupu, lakini huku comrades, yaani wanafunzi, hawafungui katalogi hata kidogo, wanaanza Google. Nyota na maoni kwenye katalogi ni kama kuweka sanduku la maoni kwenye chumba ambacho hakina mtu.

Sababu yangu ni tofauti: kila darasa tayari lina kundi lake la WhatsApp na class rep (CR) wake. Swali linaulizwa huko kwanza, na linajibiwa huko, hata kama jibu si sahihi. Maktaba haishindani na ukimya, inashindana na jibu la haraka lenye makosa. Njia ni kuwapata viongozi wa madarasa mwanzoni mwa muhula, kuwafundisha saa moja mambo manne yale ya #1, na kuwapa namba moja ya kuulizia. Swali gumu linapanda kwao hadi kwetu, jibu linashuka.

#6 Rafu_ya_820
Nakubaliana na Njoro kuhusu ma-CR. Ila tatizo la makundi ni ukubwa. Kundi la WhatsApp mwisho watu 256, chuo kina maelfu.

#7 Binti_Kisutu
@Rafu hiyo 256 ni ya zamani. Ilipanda hadi 512 mwaka 2022, na mwaka huohuo ikafika 1,024. Iliyobaki 256 ni orodha ya kutuma kwa mkupuo, na hiyo ina mtego mwingine: ujumbe unamfikia tu yule aliyeihifadhi namba ya maktaba kwenye simu yake. Maktaba inatuma kwa watu 256, wanapokea thelathini, halafu inasema wanafunzi hawasomi. Hawakupokea.

#8 Rafu_ya_820
Asante dada, nimerekebishwa.

#9 Mzee_wa_Kadi
Vijana, hamjambo. Mnazungumza kana kwamba mambo haya yameanza na WhatsApp. Neno "Maktaba 2.0", yaani maktaba inayoshirikiana na wasomaji mtandaoni, lilianza mwaka 2007, O'Reilly ndiye aliyelileta, na tangu hapo maktaba za Marekani na Uingereza ziliweka dirisha la Meebo kwenye kurasa zao. Msomaji anaandika kwenye kisanduku, mkutubi anajibu, hakuna kujisajili. Lilipendwa sana. Google wakainunua Meebo mwaka 2012 na katikati ya mwaka huohuo huduma ikazimwa. Maktaba ambazo zilikuwa zimechapisha anwani hiyo kwenye kila kipeperushi zilibaki na kisanduku cheupe.

Google Reader ikafungwa 2013, na ndiyo iliyokuwa ikisomewa RSS na watu wengi. Delicious, iliyotumika kuhifadhi viungo vya masomo, ikaishia 2017. Google+ 2019. Jamboard mwisho wa 2024. Mimi nasema mwanafunzi haulizi kwa sababu kila akizoea mlango, sisi tunahamia mlango mwingine.

#10 KohaNaChai
Shikamoo mzee. Heshima yako iko palepale, lakini sahihisho moja: O'Reilly ni wa "Wavuti 2.0", mwaka 2004. "Maktaba 2.0" ni la Michael Casey, 2005. Hayo ya Meebo umeyasema barabara.

#11 Mzee_wa_Kadi
Marahaba. Nimekubali, 2005, Casey. Hoja yangu haibadiliki: anwani inayochapishwa kwenye karatasi iwe ya kwenu. Kwenye kikoa cha chuo tengenezeni ukurasa mmoja, tuseme `/uliza`. Nyuma yake wekeni zana yoyote ya mwaka huu. Zana ikifa, mnabadilisha nyuma, mlango unabaki.

#12 Bandika_Bandua
Hilo la mzee linagusa misimbo ya QR. Watu wanaingia kwenye tovuti za "QR bure", wanatengeneza msimbo wa aina inayobadilishika, wanachapisha stika mia mbili na kuzibandika kwenye rafu zote. Muda wa majaribio ukiisha, msimbo unampeleka msomaji kwenye ukurasa wa kudai malipo. Stika zote zimekufa, na gundi yake haitoki kwenye chuma.

Tumia msimbo tuli. Huo hauishi muda kwa sababu anwani imo ndani ya mchoro wenyewe, hauendi kwa mtu wa kati. Ili uweze kubadilisha unakoelekea, uelekeze kwenye `/uliza` ya mzee, kisha badilisha kwenye seva yenu.

Vipimo: umbali wa kuskani gawa kwa kumi. Rafu inayosomwa kwa sentimita 30, msimbo sm 3. Bango la mlangoni la mita 2, sm 20. Acha pambizo nyeupe upana wa vijiraba vinne kila upande. Kiwango cha kuvumilia uharibifu weka H, kinavumilia hadi takriban asilimia 30 ya mchoro kuchafuka au kuchunika. Anwani iwe fupi, maana ikirefuka vijiraba vinakuwa vidogo na simu za bei nafuu zinashindwa. Na usibandike mahali taa inapomulika moja kwa moja, leminesheni inang'aa na kamera haioni kitu.

#13 Kitivo_B
Bandika, hayo ya leminesheni nayaweka kwenye daftari.

#14 Mukono_Rd
Habari wakubwa, Kampala hapa. Mnaongea bando, saa, ukubwa wa kundi. Huku kwetu kuna sababu ya nne, ni serikali na kodi. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Mwanafunzi akawa analipa ili kuona posti ya maktaba. Kodi hiyo ikaondolewa 2021, ikaja asilimia 12 juu ya data. Januari 2021 Facebook ikafungwa. Watu wakahamia VPN.

Sasa sikilizeni tatizo ambalo wengi hawalijui. Hifadhidata tunazolipia zinatambua chuo kwa anwani ya IP. Mwanafunzi yuko ndani ya maktaba, kwenye Wi-Fi ya chuo, amewasha VPN ili aingie Facebook kusoma tangazo letu la hifadhidata. Anabofya kiungo. Mchapishaji anaona anwani ya Uholanzi au Singapore, anamwambia alipe. Anakuja dawatini analalamika kwamba usajili umeisha. Swali la kwanza la kumuuliza ni: VPN imewashwa?

#15 MkutubiWaZamu
Mukono_Rd asante sana. Hii inahusu Tanzania pia. X ilipofungwa Mei 2025 wengi waliwasha VPN na hawakuzima tena. Swali la VPN linastahili kuwa la kwanza kwenye majibu yaliyoandaliwa.

#16 Dawati_la_Pili
Kuhusu majibu yaliyoandaliwa, niweke mpangilio wa WhatsApp Business, maana naona kundi linatajwa na hii haitajwi. Programu ya bure inatosha maktaba ya kati.

Laini kwanza. Isajiliwe kwa jina la taasisi. Laini ikiwa ya alama za vidole za mtumishi, siku anahama namba inahama naye, pamoja na mazungumzo yote. Washa uthibitisho wa hatua mbili, PIN ya tarakimu sita ikae kwenye bahasha ya ofisi, si kichwani mwa mtu mmoja.

Simu kuu ikae ofisini kwenye chaji. Unaweza kuunganisha vifaa vinne zaidi, kwa hiyo kompyuta ya dawati la marejeo na ya ofisi ya majarida zinajibu namba ileile. Simu kuu ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika, vifaa vyote vinatolewa. Hiyo hutokea kila likizo ndefu, na Oktoba watu wanashangaa. Mbaya zaidi, akaunti isiyotumika siku 120 hufutwa.

Majibu ya haraka: unaandaa hadi 50, unayaita kwa alama ya mkwaju. `/nyumbani` kwa kuingia nje ya chuo, `/ripoti` kwa Turnitin, `/vpn`, `/deni`. Kila jibu lisizidi mistari sita.

Lebo: mpya, inasubiri, imepelekwa, imejibiwa. Kila mwisho wa zamu, anayekabidhi na anayepokea wanapitia "inasubiri" pamoja. Lebo hii ndiyo inayookoa maswali. Bila yake kila mmoja anadhani mwenzake amejibu, kwa kuwa ujumbe unaonekana umeshasomwa.

Ujumbe wa kukaribisha huenda kwa anayeandika mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14. Usiuandike "Karibu katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha…" mistari minane. Andika: "Taja swali lako na kozi yako. Tunajibu saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku." Mtu asiyejua lini atajibiwa haulizi.

#17 Comrade_Njoro
Post ya 16 ibandikwe juu kabisa.

#18 Sahani_ya_Pwani
Assalaam aleikum. Kutoka Unguja. Dawati_la_Pili kapanga vizuri, lakini kuna aliyesema makundi makubwa, nami nataka kuyakataza. Ndani ya kundi kila mtu anaiona namba ya mwenziwe. Wiki mbili tu, wasichana wanaanza kupigiwa simu na watu wasiowajua. Halafu wanaingia wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wale wanaouza kuandikiwa tasnifu. Maktaba imewapa orodha ya simu za wanafunzi bila kukusudia.

Kwa matangazo tumieni chaneli. Wafuasi hawaonani namba. Ila mjue, posti za chaneli hubaki siku 30 tu, kwa hiyo mwongozo wa kudumu usiwe huko. Maswali yaende kwenye namba ya dawati, mtu mmoja na mkutubi mmoja. Na hapo ndipo penye sababu yangu: watu wanaona haya. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hataki kuandika mbele ya wenziwe kuwa hajui kutafuta kitabu. Swali la wazi kwenye Facebook, kwa jina lake na picha yake, hatoliuliza hata umjibu kwa dakika moja.

#19 Rafu_ya_820
Sahani, kwa nini si Telegram? Kundi moja linabeba hadi watu laki mbili, namba inafichwa, faili hadi GB 2, na mazungumzo ya zamani yanabaki. Naona ndiyo inafaa wanafunzi kuliko zote.

#20 Sahani_ya_Pwani
Kiufundi nakubali. Lakini wanafunzi wetu wameshaijua Telegram kama duka la PDF za vitabu zisizo na ruhusa. Maktaba ikifungua kundi, siku ya pili mtu anapakia kitabu kizima cha fiziolojia, na msimamizi wa kundi ni maktaba. Hakimiliki inatudai sisi.

#21 Mzee_wa_Kadi
Zaidi ya hakimiliki, kuna mikataba. Mchapishaji akiona upakuaji wa mfululizo, makala mamia kwa saa kutoka akaunti moja, hukata chuo kizima. Mara nyingi chanzo ni mtu anayelisha chaneli ya namna hiyo. Wanaoumia ni wanafunzi wa uzamili walio kwenye utafiti.

#22 Mlinda_Repo
Naleta la viungo, maana #2 amevitaja kwa haraka. Tunaposambaza tasnifu kutoka DSpace, programu ya hazina ya machapisho ya chuo, tunanakili anwani iliyo juu kwenye kivinjari. Kosa. Nakili anwani ya kudumu, ile ya handle. Toleo la 7 lilibadilisha muundo wa kurasa, na anwani zilizonakiliwa kutoka kwenye kivinjari, hasa zile za faili lenyewe la PDF, ndizo zinazokuwa hatarini mfumo unapohamishwa.

Halafu angalieni namba ya mwanzo. Kama handle yenu inaanza na 123456789, hiyo ni namba ya mfano inayokuja na programu. Haijasajiliwa popote. Ukiiweka baada ya hdl.handle.net haifiki kokote, inafanya kazi ndani ya seva yenu peke yake. Katika kanda hii, hazina za machapisho za namna hiyo si chache. Kusajili namba halisi kuna ada ndogo, na baada ya kuipata kuna amri ya kubadilisha handle za zamani. Fanyeni kabla ya kutangaza tasnifu elfu kumi kwenye Facebook.

Jambo jingine: ukibandika kiungo WhatsApp na hakionyeshi kichwa cha kazi, DSpace 7 yako huenda haitayarishi kurasa upande wa seva. Google Scholar nayo inapata shida hiyohiyo. Kwa hiyo hakikisho tupu (kiungo kisichoonyesha kichwa) kwenye WhatsApp ni kipimo cha bure cha kujua kama machapisho yenu yanaonekana duniani.

#23 KohaNaChai
Hicho kipimo cha hakikisho ni kizuri mno, Mlinda_Repo. Nami niongezee la dirisha la mazungumzo kwenye katalogi, kwa wanaotumia tawk.to au mfano wake. Watu wananakili msimbo wote na kuubandika kwenye OPACUserJS, sehemu ya mipangilio ya Koha ya kuweka JavaScript, halafu katalogi nzima inavurugika: vitufe havibofyeki, menyu haishuki. Sababu ni kwamba OPACUserJS tayari imo ndani ya lebo za script. Msimbo ulionakili unakuja na lebo zake na mistari ya maelezo ya HTML. Ondoa mistari ya mwanzo na ya mwisho, bakiza JavaScript peke yake. Hifadhi, fungua katalogi kwenye dirisha la faragha, jaribu kutafuta. Ukiona bado, bonyeza F12 usome mstari mwekundu wa kwanza.

#24 Faragha_Kwanza
Nimesoma zote. Hakuna aliyetaja kwamba dirisha hilo la mazungumzo linamwonyesha mtoa huduma wa nje kila ukurasa ambao msomaji ameufungua, hata kabla hajaandika neno. Na mazungumzo ya WhatsApp yanabaki na jina, namba ya simu, na mada. Mwanafunzi anayetafuta maandiko kuhusu VVU, kuhusu ukatili wa kingono, kuhusu upinzani wa kisiasa, ameandika mada hiyo kwenye simu ya ofisi inayoshikwa na watu sita. Siri ya msomaji ni msingi wa kazi yetu tangu enzi za kadi za karatasi. Tusiiuze kwa urahisi wa kujibu haraka.

Kenya ina sheria ya 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ipo. Chuo kinachokusanya taarifa hizi kinahusika.

Kinachotakiwa: usiombe namba ya usajili ya mwanafunzi kama swali halihitaji. Funga simu kwa PIN. Mwisho wa muhula futa mazungumzo.

#25 Kitivo_B
Faragha_Kwanza, nakuunga mkono kwa moyo, lakini tukifuta yote, mkurugenzi akiuliza huduma hii inasaidia nini tutamwonyesha nini? Bajeti ya bando la ofisi inakatwa kwa kukosa takwimu.

#26 Faragha_Kwanza
Tenganisha hesabu na mazungumzo. Jedwali la safu sita: tarehe, saa, njia iliyotumika, aina ya swali, dakika hadi jibu, limejibiwa au limepelekwa. Hakuna jina, hakuna namba, hakuna mada. Linajazwa palepale kwa sekunde ishirini. Mwisho wa mwezi mtaona saa ngapi maswali yanakuja, na hapo hoja ya zamu ya #3 itapata ushahidi au itaanguka.

#27 MkutubiWaZamu
Jedwali nimelichukua. Naona mpaka hapa tuna maelezo yasiyopungua matano na kila mmoja ameshika lake: bando, saa, kundi la CR, haya, milango inayohama. Bado nasimama na langu la kuchelewa kujibu. Mtu mwenye haya akijibiwa vizuri faraghani mara moja, haya inaisha.

#28 Sahani_ya_Pwani
Haishi ndugu yangu. Inahamia kwenye swali la pili, lile gumu.

#29 Ofisi_ya_Tatu
Mmesahau ngazi za ofisi. Nywila za kurasa ziko Ofisi ya Uhusiano. Mkutubi anaandika posti, inapelekwa kwa mkuu wa maktaba, inapelekwa Uhusiano, inarudi na nembo na salamu za uongozi. Siku tatu. Swali la mwanafunzi likija kwenye ukurasa, linamfikia afisa uhusiano asiyejua Turnitin ni nini. Hata wakutubi wakiwa na kasi ya umeme, hawaoni swali.

Suluhisho lisilogombanisha watu: omba kwa maandishi haki ya kujibu ujumbe tu, si ya kuchapisha. Facebook inaruhusu kugawa majukumu hayo. Uhusiano wanabaki na ukurasa, maktaba inabaki na sanduku la ujumbe. Na kama ukurasa ni wa maktaba yenyewe, wenye mamlaka kamili wasipungue watatu, maana ukurasa umefungamana na akaunti binafsi za watu. Mmoja akistaafu na mwingine akipoteza simu, ukurasa unabaki yatima.

#30 Mzee_wa_Kadi
Lugha je? Posti zote Kiingereza cha barua za serikali. Mwanafunzi anawaza swali lake kwa Kiswahili, anaona ukurasa wa Kiingereza, anaogopa kukosea sarufi mbele ya mkutubi. Andikeni Kiswahili muone.

#31 Comrade_Njoro
Mzee hapo umegonga. Huku ni mchanganyiko, lakini mistari ya kwanza ikiwa Kiswahili watu wanajibu kwa uhuru zaidi.

#32 Rafu_ya_820
Nje ya mada kidogo: kuna aliyefaulu kutumia Zotero, programu ya kutunza marejeo, kama zana ya darasa? Orodha ya usomaji ya kozi nzima.

#33 Mlinda_Repo
Inawezekana vizuri. Fungua kundi la Zotero, lifanye la faragha, wanafunzi waongezwe kwa mwaliko. Mhadhiri na mkutubi wahariri, wanafunzi wasome na kunakili. Weka rekodi za marejeo peke yake, bila PDF: rekodi hazili nafasi, faili ndizo zinazokula, na nafasi ya bure ni MB 300 inayohesabiwa kwa mwenye kundi. Pia unakwepa hakimiliki. Kwenye kila rekodi weka namba ya rafu kwenye sehemu ya "Call Number", mwanafunzi anaona kitabu kilipo.

#34 Rafu_ya_820
Shukrani mkuu.

#35 Nipo_Mwaka_wa_Pili_Uzamili
Samahani wakubwa, nimefuata uzi kimya. Kwa kuwa Turnitin imetajwa mara nyingi: kwa nini kazi inayowasilishwa mara ya pili inatoka asilimia karibu mia?

#36 Dawati_la_Pili
Kwa sababu rasimu ya kwanza ilihifadhiwa kwenye hazina ya Turnitin, na ya pili inalinganishwa nayo. Anayekufungulia nafasi ya majaribio achague kutohifadhi kazi. Hifadhi iwekwe kwenye wasilisho la mwisho pekee. Ikiwa imeshahifadhiwa, msimamizi wa akaunti ya chuo anaweza kuomba ifutwe. Wakati unasubiri, mwombe aliyekufungulia nafasi aiondoe rasimu yako kwenye orodha ya vyanzo ndani ya ripoti, asilimia itashuka.

#37 Comrade_Njoro
MkutubiWaZamu, umeona? Swali limekuja, saa tano usiku, kwa jina la bandia, kwa Kiswahili, mahali pasipo na nembo ya chuo. Wewe utasema ni kasi, Sahani atasema ni haya, mzee atasema ni lugha.

#38 Mzee_wa_Kadi
Nasema ni lugha.

#39 Kitivo_B
Na saa. Dawati_la_Pili, jambo moja la utendaji: ukimkabidhi mwingine zamu saa moja usiku na simu iko ofisini imefungiwa, unaunganisha vipi kompyuta yake ya nyumbani?

#40 Dawati_la_Pili
Unaunganisha mchana kabla hajaondoka, ukiwa na simu mkononi, si usiku. Vifaa viwe vinne vya kudumu: viwili vya ofisi, viwili vya kompyuta mpakato za zamu zinazotoka na kurudi kwa kusaini daftari. Usimruhusu mtu aunganishe kompyuta yake binafsi, hilo Faragha_Kwanza atanikamata nalo. Ijumaa jioni fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye simu kuu, chochote usichokitambua kitoe.